Uzi maalumu: Laptopu haisomi kadi ya memori. Ijue chipu kwanza, draiva baadaye

#1 Fundi_Waya

Wakuu, swali la "draiva ya kisoma kadi naipata wapi?" halikauki, na majibu mengi huishia kwenye "pakua programu fulani, itakutafutia yenyewe". Tuliweke sawa hapa kwa hatua ambazo mtu anazifuata akiwa mbele ya mashine yake.

Jambo la kwanza: hakuna kitu kinachoitwa draiva ya kisoma kadi ya laptopu aina fulani. Draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa, ni ya chipu inayoliendesha tundu la kadi. Laptopu mbili zenye jina moja na umbo moja zinaweza kuwa na chipu mbili tofauti ndani, kwa sababu kiwanda hubadilisha muuzaji wa vipuri katikati ya uzalishaji. Ukishika namba ya chipu umeshika nusu ya kazi.

Kisoma kadi cha ndani huunganishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni USB. Ingawa huoni waya wala tundu, kwenye bodi kimefungwa kwenye USB kama vile ungechomeka cha nje. Ya pili ni PCI Express, njia ileile ya kadi ya Wi-Fi. Tofauti hii ni kubwa, maana kisoma kadi cha USB kinachofuata utaratibu wa kawaida wa diski za USB hakihitaji draiva ya pekee kabisa. Windows inakiendesha kwa faili lake la usbstor.sys. Cha PCI Express mara nyingi kinadai draiva ya mtengenezaji wa chipu.

Kuitambua chipu:

Bonyeza Windows+X, chagua Device Manager. Tafuta chini ya "Memory technology devices", "SD host adapters", "Universal Serial Bus controllers" na "Other devices". Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kifaa unachokishuku, ingia Properties, kisha Details, na kwenye orodha ya Property chagua "Hardware Ids". Nakili mstari wa kwanza wote. Unafanana na huu:

PCI\VEN_10EC&DEV_5229&SUBSYS_...&REV_01

au kama ni USB:

USB\VID_0BDA&PID_0129&REV_...

Tarakimu nne zinazofuata VEN au VID ni mtengenezaji wa chipu. Zinazofuata DEV au PID ni chipu yenyewe. Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi:

PCI 10EC – Realtek
PCI 1180 – Ricoh
PCI 1217 – O2Micro
PCI 197B – JMicron
USB 0BDA – Realtek
USB 058F – Alcor
USB 05E3 – Genesys

SUBSYS ni alama ya kampuni iliyounda laptopu. Izingatie, kwa sababu kuna draiva zinazokagua hadi hapo.

#2 Kitufe_Kimoja

Mkuu Fundi_Waya, kabla watu hawajakimbilia Device Manager, naomba tuweke ukaguzi wa kadi yenyewe. Kesi nyingi zinazoletwa kama "draiva imekufa" ni kadi au tundu.

Toa kadi, iweke kwenye simu, kamera au kompyuta nyingine. Ikisomeka huko, endelea na uzi. Isiposomeka popote, draiva haina kosa.

Angalia ukubwa wake. SD za kawaida ziliishia GB 2. SDHC, iliyotoka 2006, inafika GB 32. SDXC ya 2009 inafika TB 2. Kisoma kadi kilichotengenezwa kabla ya SDHC hakitasoma kadi ya GB 8 hata ukiwekea draiva zote duniani, kwa sababu namna ya kuhesabu anwani ndani ya kadi ilibadilika. Lakini kisoma kadi cha SDHC mara nyingi huisoma SDXC, mradi mfumo endeshi unaijua exFAT (mpangilio wa mafaili wa kadi kubwa), kwa sababu umeme na ishara ni zilezile.

Kwenye laptopu mpya angalia kama tundu lina plastiki ya kuzuia vumbi. Ina umbo la kadi kabisa, na kuna wanaodhani ndiyo tundu lenyewe. Na kama laptopu ina tundu la laini ya simu, hakikisha hujaisukumia microSD huko. Inaingia, kutoka ni shughuli.

#3 Picha_Safi

Asante wakuu. Naleta kesi. Windows 11, Device Manager inaonesha "Realtek PCIE CardReader" bila alama yoyote ya njano. Kadi ya GB 64 inasomeka kwenye kamera, ila kwenye laptopu hakuna kinachotokea. Draiva ni nzima au si nzima?

#4 Fundi_Waya

@Picha_Safi kukosekana kwa alama ya njano maana yake draiva imepakiwa na chipu imeitikia. Haisemi lolote kuhusu kadi. Fanya hivi:

Bonyeza Windows+R, andika diskmgmt.msc. Angalia sehemu ya chini huku kadi ikiwa ndani. Kuna hali tatu.

Ukiona diski ya ukubwa wa kadi yako (GB 64 itaonekana kama 59 na ushei, hiyo ni kawaida) lakini haina herufi, bonyeza kulia juu ya kizigeu chake (sehemu ya diski yenye mafaili), "Change Drive Letter and Paths", "Add", chagua herufi ya mbali kama R au S. Mara nyingi herufi yake imeporwa na folda ya mtandao. Kama tatizo linarudi kila ukitoa kadi, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

mountvol /E

Hiyo inarudisha utoaji wa herufi wa moja kwa moja.

Ukiona "No Media", chipu inaona tundu lakini haioni kadi, au imeiona ikashindwa kuzungumza nayo. Hapo ni migusano, swichi ya kutambua kadi, au draiva inayoshindwa kuamsha kadi.

Usipoona kabisa mstari wa kisoma kadi, rudi kwenye draiva na BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka).

Na tafadhali, Windows ikikuuliza "You need to format the disk", jibu Cancel. Ujumbe huo unatokea pia pale ambapo kadi ni nzima na picha zipo ndani.

#5 MamaSeva

Nikazie hapo kwenye kufomati, maana watu wanapoteza kazi zao. Kadi zifuatazo Windows itadai kuzifomati ingawa hazina ubovu wowote:

Kadi iliyotumika kwenye simu ya Android kama hifadhi ya ndani. Uwezo huo ulikuja na Android 6.0 mwaka 2015, na kadi hiyo husimbwa kwa ufunguo uliobaki ndani ya simu ileile. Hakuna laptopu itakayoisoma. Irudishe kwenye simu, hamisha mafaili kwanza.

Kadi ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo inayotumia Linux). Windows inaona kizigeu kidogo cha kuwashia tu, kile kikubwa cha ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux) inakiita kibovu.

Kadi ya exFAT kwenye mfumo wa zamani. Windows XP haijui exFAT bila sasisho KB955704. Vista inaanza kuijua kwenye SP1. Kwenye Linux, exFAT iliingia ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) toleo la 5.4, ikaandikwa upya kwenye 5.7.

#6 Kijana_wa_Data

Wakuu shikamooni. Baada ya kuweka Windows upya naona "Base System Device" tatu zenye alama ya njano chini ya "Other devices", zote Code 28. Zote tatu ni kisoma kadi? Na nimesoma mahali kwamba ukichagua draiva ya Microsoft yenyewe inatosha.

#7 Fundi_Waya

@Kijana_wa_Data marahaba. Zikiwa tatu, fungua Hardware Ids za kila moja. Kama zote zinaanza na PCI\VEN_1180, hiyo ni chipu moja ya Ricoh yenye kazi kadhaa ndani: sehemu ya SD, na sehemu za Memory Stick na xD (aina za zamani za kadi). Kila kazi inajitambulisha kama kifaa chake. Kifurushi kimoja cha draiva ya Ricoh kinazifunga zote.

Code 28 ni habari njema kuliko unavyodhani. Maana yake ni moja tu: draiva haijawekwa. Kifaa kizima.

Kuhusu draiva ya Microsoft: ndiyo, ipo, inaitwa "SDA Standard Compliant SD Host Controller", na inatumia sdbus.sys. Njia yake: bonyeza kulia kifaa cha SD, "Update driver", "Browse my computer for drivers", "Let me pick from a list of available drivers on my computer", kundi la "SD host adapters", mtengenezaji wa jumla, kisha chagua jina hilo. Hapo SD itasoma. Memory Stick na xD hazitasoma, kwa sababu draiva hiyo ni ya SD peke yake.

#8 MamaSeva

Hapo lazima niweke mpaka, maana ushauri huo ukichukuliwa jumla unavunja mashine za watu. Draiva ya SDA inafanya kazi kwa chipu zinazofuata kanuni ya SDHCI (namna sanifu ya mfumo kuendesha chipu ya SD) tu. Sehemu ya SD ya Ricoh na O2Micro nyingi zimo. Realtek za PCI Express HAZIMO. Chipu kama 5209, 5227, 5229, 5249, 522A na 525A zina lugha yao wenyewe. Ukilazimisha SDA juu yake Windows itakuonya, ukikubali utapata Code 10, "This device cannot start". Kisha mtu anakuja hapa akisema chipu imeungua.

Kanuni: VEN_10EC, draiva ya Realtek peke yake. Faili lake kwa PCI Express ni RtsPer.sys, kwa USB ni RtsUer.sys. Ukitaka uthibitisho, Properties, Driver, Driver Details. Ukiona sdbus.sys juu ya VEN_10EC, umeshajua kosa liko wapi.

Na ile habari kwamba USB haihitaji draiva ina ukomo wake. RTS5129 na RTS5139 za Realtek, yaani VID_0BDA yenye PID_0129 au 0139, ni za USB lakini hazifuati utaratibu wa diski za USB. Bila draiva zitabaki na alama ya njano.

#9 Fundi_Waya

Sawa kabisa MamaSeva, nakubali marekebisho. Nilipaswa kulisema mapema.

#10 Kijana_wa_Data

Zote tatu ni VEN_1180. Nimeelewa. Sasa tovuti ya mtengenezaji wa laptopu ina draiva za Windows 7 tu, na mashine ina Windows 10. Nifanyeje?

#11 Kamba_Fupi

Pakua ile programu ya kusasisha draiva zote kwa mpigo, inamaliza dakika tano.

#12 MamaSeva

@Kamba_Fupi naomba tusiipendekeze hapa, na sababu ni hii. Programu hizo hulinganisha VEN na DEV, nyingi hazijali SUBSYS wala toleo la Windows, na zinachagua namba kubwa zaidi ya toleo. Kwenye visoma kadi, toleo jipya zaidi si lazima liwe la chipu yako: mtengenezaji huondoa chipu za zamani kwenye kifurushi kipya. Halafu zinagusa draiva za vitu vingine ambavyo havikuwa na shida.

@Kijana_wa_Data mpangilio wa kutafuta ni huu. Kwanza Settings, Windows Update, Advanced options, Optional updates, sehemu ya Driver updates. Kwenye Windows 10 "Optional updates" unaikuta moja kwa moja ndani ya Windows Update. Draiva nyingi za visoma kadi zimelala hapo na hazishuki zenyewe. Pili, Microsoft Update Catalog. Kwenye kisanduku cha kutafutia bandika VEN na DEV pekee, mfano:

PCI\VEN_1180&DEV_0822

Chagua inayolingana na Windows yako na 64-bit. Utapata faili la .cab, ambalo halijisakinishi lenyewe. Tengeneza folda C:\kadi, liweke humo, kisha kwenye Command Prompt ya msimamizi:

expand -F:* C:\kadi\jina.cab C:\kadi

pnputil /add-driver C:\kadi\*.inf /install

Kabla ya amri ya pili, fungua faili la .inf kwa Notepad, bonyeza Ctrl+F, tafuta DEV_0822. Kama namba ya chipu yako haimo ndani ya .inf, draiva hiyo haitashika hata uisakinishe mara kumi. Ukaguzi wa sekunde kumi unaokoa jioni nzima.

Tatu ndiyo draiva ya Windows 7 ya tovuti ya mtengenezaji. Ikiwa ni ya 64-bit na ina sahihi ya kidijitali, mara nyingi inakubali. Usiendeshe setup.exe yake ikikataa toleo la Windows. Ifungue kwa 7-Zip, tafuta folda yenye .inf, isakinishe kwa pnputil kama hapo juu.

#13 Kitufe_Kimoja

Niongeze namba za makosa kwa ufupi, kwa anayesoma akiwa na namba mkononi.

Code 22: kifaa kimezimwa na mtu. Bonyeza kulia, "Enable device". Basi.

Code 28: tumeisema.

Code 10: draiva ipo ila kifaa hakianzi. Mara nyingi ni draiva isiyo yake, kama alivyoeleza MamaSeva, au chipu imeganda.

Code 43: kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu. Kwa visoma kadi vya USB huambatana na "Unknown USB Device". Hapa kuondoa umeme kabisa kunasaidia zaidi ya draiva. Zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, rudisha, washa.

Code 39 na Code 52: Windows imekataa kupakia faili la draiva. 52 ni tatizo la sahihi ya kidijitali ya draiva. 39 ni faili lililoharibika, au limezuiwa. Kwenye Windows 11 fungua Windows Security, Device security, Core isolation details. Memory integrity ikiwa imewashwa, draiva ya zamani ya kisoma kadi inaweza kuzuiwa. Dawa sahihi ni draiva mpya zaidi. Sipendi kabisa ushauri wa kuzima ulinzi huo ili kadi isome. Kisoma kadi cha nje cha USB ni suluhisho bora kuliko hilo.

Code 45: kifaa hakipo kwa sasa. Kinaonekana tu ukiwasha View, "Show hidden devices". Na hapa kuna mtego. Baadhi ya visoma kadi hujiondoa vyenyewe kwenye mfumo pale tundu linapokuwa tupu, ili kuokoa umeme. Kwa hiyo ukague Device Manager huku kadi ikiwa NDANI. Bila kadi unaweza kuhitimisha kwamba chipu haipo, kumbe imelala.

#14 Picha_Safi

Nimerudi na majibu. Disk Management inaonesha "No Media". Nikisukuma kadi na kuishikilia kwa kidole, kwa sekunde moja inatokea halafu inapotea.

#15 Fundi_Waya

@Picha_Safi kidole chako kimeshajibu. Hiyo ni migusano, achana na draiva kwa sasa.

Kadi ya SD ya kawaida ina migusano 9 ya rangi ya dhahabu, microSD ina 8. Ndani ya tundu kuna vijiti vidogo vya chuma vyenye springi vinavyoikandamiza. Pembeni kuna swichi ndogo ya kimekanika inayoiambia chipu "kadi imeingia". Vumbi likikaa hapo, au kijiti kimoja kikilala, unapata hicho unachokiona.

Zima laptopu kabisa. Puliza tundu kwa hewa ya kopo kwa mapigo mafupi, laptopu ikiwa imeinamishwa tundu litazame chini. Kisha loweka kidogo pamba ya kijiti kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pangusa migusano ya kadi, na kadi ikiwa na unyevu mdogo sana iingize na kuitoa mara tano hadi kumi. Kadi ndiyo inayosugua vijiti, wewe usichokonoe ndani na sindano. Subiri dakika 15 ikauke, washa.

Kama ni microSD ndani ya adapta, badilisha adapta kwanza. Adapta ndiyo ya kwanza kuchoka.

#16 Picha_Safi

Ilikuwa adapta. Kwa adapta nyingine kadi inasoma vizuri, lakini sasa inakataa kuandika: "The disk is write-protected".

#17 Kitufe_Kimoja

Anza na kile kitelezi kidogo ubavuni mwa adapta, kisukume kielekee upande wa migusano. Watu wengi hawajui kwamba kitelezi hicho hakijaunganishwa na chochote ndani ya kadi. Ni kipande cha plastiki tu. Swichi iko ndani ya tundu la laptopu, nayo inapapasa kitelezi kiko wapi. Kwa hiyo kitelezi kilicholegea, au swichi iliyokwama, vinaifanya kadi nzima ionekane imefungwa. Kipande chembamba cha utepe wa gundi (selotepu) juu ya nafasi ya kitelezi kinatosha kuthibitisha. Ikiandika baada ya hapo, umepata jibu.

Kama si kitelezi, Command Prompt ya msimamizi:

diskpart
list disk
select disk 2
attributes disk
attributes disk clear readonly

Hiyo 2 ni mfano. Soma ukubwa kwenye list disk, hakikisha ni kadi na si diski ya mashine.

Kisha sajili ya Windows (regedit): HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\StorageDevicePolicies. Kama WriteProtect ni 1, weka 0. Folda hiyo isipokuwepo, hakuna tatizo, wala usiitengeneze.

Na kwa laptopu za kazini, BIOS za Dell kadhaa zina kipengele cha kufanya SD iwe ya kusoma tu, na sera za kikundi za Windows zina "Removable Storage Access". Hizo zikiwa zimewekwa na msimamizi wa ofisi, muulize yeye.

Mwisho, kadi iliyofikia ukomo wa maisha yake huweza kujifunga isiandikwe tena. Ukijaribu yote haya na inakataa hata kwenye kamera, nakili picha zako leo.

#18 Nyaya_na_Amri

Kwa wenye shaka kama kosa ni la Windows au la vifaa, kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi: washa laptopu kwa Linux ya kwenye flashi, bila kuisakinisha. Draiva za Realtek zimo ndani ya kerneli, rtsx_pci tangu 3.8 na rtsx_usb tangu 3.16, na zile za SDHCI zimo pia. Fungua terminali:

sudo dmesg -w

Chomeka kadi huku ukitazama. Ukiona "mmc0: new high speed SDHC card" au mstari unaofanana, kisha mmcblk0 na ukubwa wake, vifaa ni vizima na shida iko Windows. Kwa kisoma kadi cha kawaida cha USB jina litakuwa sdb au sdc.

Dmesg ikikaa kimya kabisa, hiyo ni swichi ya kutambua kadi, au kisoma kadi kimezimwa BIOS. Kwenye ThinkPad tazama Security, I/O Port Access, Memory Card Slot. Kwingine hukaa kwenye orodha ya vifaa vya bodi.

Ikisema:

mmc0: error -110 whilst initialising SD card

kadi imeonekana ila haikujibu kwa wakati. Kosa -84 ni data iliyofika imeharibika njiani. Yote mawili huelekeza kwenye migusano, au kwenye volti. Kadi ya UHS-I (ya kasi kubwa) huanza kuzungumza kwa volti 3.3, kisha hushuka hadi 1.8 ili kwenda kasi. Kuna visoma kadi vinavyoshindwa kushuka vizuri. Kwa chipu za SDHCI unaweza kuzuia hatua hiyo. Kwenye Linux iliyosakinishwa, weka mstari huu ndani ya /etc/modprobe.d/sdhci.conf kisha washa upya:

options sdhci debug_quirks2=0x4

Kasi itapungua hadi kama MB 25 kwa sekunde, lakini kadi itasoma. Mstari huo hauigusi rtsx, msiuweke kwa Realtek mkitegemea muujiza.

#19 Kijana_wa_Data

Wakuu, draiva ya Ricoh kutoka Catalog imeshika, alama tatu zimeondoka, kadi inasoma. Laptopu ya pili ina Realtek 522A. Inasoma vizuri, lakini baada ya laptopu kulala na kuamka kisoma kadi kinapotea mpaka niwashe upya.

#20 MamaSeva

Hilo ni usimamizi wa umeme. Fuata mpangilio huu, jaribu baada ya kila hatua ili ujue kipi kilichosaidia.

Device Manager, kisoma kadi, Properties, Power Management, ondoa tiki ya "Allow the computer to turn off this device to save power". Kama kichupo hicho hakipo, ruka.

Control Panel, Power Options, "Change plan settings", "Change advanced power settings", PCI Express, Link State Power Management, weka Off kwa betri na kwa chaja. Betri itapungua kidogo zaidi, ndiyo gharama yake.

Bado? Ondoa draiva hadi mzizi, weka ile ya mtengenezaji wa laptopu, si ya jumla. Kwa Realtek hapa SUBSYS ina uzito, kwa sababu mipangilio ya kulala na kuamka hutofautiana kwa kila bodi.

pnputil /enum-drivers

Tafuta jina la asili kama rtsper.inf, soma jina lake lililochapishwa, mfano oem23.inf. Kisha:

pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall

Rudia kwa kila toleo la rtsper.inf linaloonekana. Watu wanabonyeza "Uninstall device", wanawasha upya, na Windows inarudisha draiva ileile kutoka hazina yake, halafu wanasema haijasaidia. Haikuondoka.

Halafu washa upya kwa Restart. Shut down ya kawaida ya Windows 10 na 11 yenye Fast Startup haifungi mfumo kikamilifu, inahifadhi hali ya kerneli na kuirudisha. Draiva mbovu inarudi nayo.

#21 Kijana_wa_Data

Zilikuwa tatu za rtsper.inf. Nimezifuta zote, nikaweka ya mtengenezaji. Imelala na kuamka mara nne, kisoma kadi kipo. Windows Update isije ikairudisha ya zamani?

#22 MamaSeva

Inaweza. Ikitokea, Properties, Driver, "Roll Back Driver" inakurudisha ulipokuwa. Kuzuia moja kwa moja, kwenye Windows Pro fungua gpedit.msc, Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Update, washa "Do not include drivers with Windows Updates". Kwenye Windows 11 iko ndani ya folda ndogo ya "Manage updates offered from Windows Update". Ujue tu kwamba inazuia draiva za vifaa vyote, kwa hiyo za kadi ya picha na Wi-Fi utazileta mwenyewe.

Ukihifadhi ile folda yenye .inf iliyokubali, pamoja na Hardware Ids kwenye faili la maandishi ndani yake, siku ya kuweka Windows upya utahitaji amri moja tu ya pnputil.